Nyumbu wa Baharini: Kuhesabu Walaji Baada ya Kumwaga Chuma

Mhadhara wa wazi uliotolewa Nyangoto, mkoani Mara, mbele ya walimu, wanafunzi na wakazi

  

Nimekuja kuzungumza juu ya bahari. Nilipomwambia hivyo dereva aliyenileta kutoka Tarime mjini, alinitazama kwenye kioo akauliza, "Bahari na Nyangoto wapi na wapi, mwalimu?" Sikumjibu vizuri. Nitajaribu kumjibu sasa, na nitaanza na jiwe.

Lipo jiwe ambalo kila aliyewahi kuponda magwangala, yaani mawe yanayotupwa mgodini, analifahamu. Linang'aa njano, linamfurahisha mgeni, na wala si dhahabu. Wataalamu wa miamba huliita pairaiti: ni chuma kilichoshikana na salfa. Likikaa chini ardhini halina neno na mtu. Likitolewa nje, likanyeshewa na kupigwa na hewa, linaanza kuoza, na maji yanayochuruzika humo huwa makali kama ndimu, yakipita juu ya mawe yanaacha rangi ya kutu. Ndani ya maji hayo, pamoja na ukali wake, imo chumvi iitwayo salfeti ya chuma.

Chumvi hiyo si ngeni kwenu. Mama mjamzito akienda kliniki anapewa vidonge vya kuongeza damu, na vingi kati ya vidonge hivyo vimetengenezwa kwa salfeti ya chuma. Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi mwenyewe niliposikia mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Tangu mwaka 1993 wanasayansi wamekuwa wakipakia chumvi hiyohiyo melini kwa magunia, wanaiyeyusha ndani ya matangi ya maji ya bahari yaliyotiwa asidi kidogo, kisha wanaimwaga baharini nyuma ya meli huku meli ikienda polepole na kurudi, kama trekta linalolima.

Kwa nini? Kwa sababu bahari nayo ina upungufu wa damu. Ziko sehemu kubwa za bahari, kuizunguka Antaktika, kaskazini mwa Pasifiki, na Pasifiki ya ikweta, ambako maji yana naitrojeni na fosforasi tele lakini mwani humo huota kidogo tu. Ni kama shamba lenye mbolea na jua, na bado mahindi ni haba. Aliyelisukuma jambo hili mbele zaidi ni John Martin, Mmarekani wa maabara za bahari za Moss Landing, California. Kabla yake vipimo vya chuma baharini vilikuwa vikidanganya, na sababu ni ya kuchekesha: meli ni ya chuma, waya ni wa chuma, kutu ya meli inaingia kwenye chupa ya maji, halafu mtaalamu anaandika kwamba bahari ina chuma kingi. Martin na wenzake walipima kwa usafi wa kupindukia, wakakuta kwamba chuma karibu hakipo. Mwaka 1988 alitania mbele ya wenzake kwamba apewe nusu ya meli ya mafuta iliyojaa chuma, naye atawaletea zama za barafu. Maana yake ni kwamba mwani ungestawi, ungevuta hewa ya ukaa kutoka angani, na dunia ingepoa. Alifariki Juni 1993. Oktoba ya mwaka huohuo wenzake walimwaga kilo 445 za chuma kusini mwa visiwa vya Galapagos, kwenye eneo la kilomita za mraba 64, na maji yakaanza kugeuka kijani.

Hapa Nyangoto, penye machimbo ya dhahabu, mnajua lugha ya gramu kwa tani, kwa hiyo niwape kiwango kwa lugha hiyo. Katika majaribio mengi ya aina hii lengo lilikuwa kufikisha chuma kiasi cha gramu moja kwa kila tani 9,000 za maji, hivi au karibu na hapo. Hakuna mgodi duniani utakaochimba dhahabu kwa kiwango hicho. Mwani, kwake hiyo ni sherehe.

Majaribio kama hayo yamefanywa zaidi ya mara kumi, na magazeti yalipoyaandika yaliandika habari ya chuma na habari ya mwani. Mimi nimekuja na habari ya mtu wa tatu, ambaye kwa kawaida hatajwi. Ni yule anayekula.

Mkitoka hapa mkaelekea kusini na kuuvuka Mto Mara, mtakuwa njiani kuingia Serengeti. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walihesabiwa kwa ndege, wakapatikana kama 260,000. Kisha ugonjwa wa sotoka ukatoweka, kwa kuwa ng'ombe waliozunguka hifadhi walichanjwa, na kufikia mwaka 1977 nyumbu walikuwa wamezidi milioni 1.3. Katika miaka hiyo majani marefu yalipungua, moto wa kiangazi ukakosa cha kuunguza, na baadaye miti ikaanza kurudi. Sasa mtu ambaye angekaa Seronera, humo Serengeti, miaka yote hiyo akipima mvua na urefu wa majani tu, bila kuhesabu nyumbu, angesema nini? Angesema udongo umechoka, au mvua zimeharibika. Angeandika kitabu kizima chenye hoja nzuri, na kitabu kizima kingekuwa kimepotoka.

Majani ya baharini ni mwani mdogo usioonekana kwa macho, wataalamu wanauita fitoplanktoni. Nyumbu wa baharini ni zuplanktoni, yaani wanyama wadogo wanaoelea majini, wengi wao wakiwa kopepodi. Kopepodi ni mnyama wa jamii ya kamba na kaa, ana ukubwa wa punje ya chumvi au ya mchele, pembe mbili ndefu, na njaa isiyoisha. Inawezekana kabisa kwamba kwa idadi yao ndio wanyama wengi kuliko wote katika maji ya wazi. Nao wapo hapa kwetu pia: dagaa mnaouziwa kwa kopo sokoni wamenenepa kwa kula kopepodi na ndugu zao wa Ziwa Victoria.

Nitawapa kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu ndicho kilichonifanya niipende kazi hii. Kiangazi cha mwaka 2001 Wajapani walikwenda kaskazini magharibi mwa Pasifiki na meli Kaiyo Maru, wakamwaga kilo 350 za chuma juu ya eneo la kilomita 8 kwa 10. Jaribio waliliita SEEDS. Matokeo yalikuwa makubwa ajabu. Klorofili, ile rangi ya kijani tunayotumia kupimia mwani, ilipanda kama mara 20 ndani ya siku zisizozidi 13. Aina moja ya diatomu, yaani mwani wenye gamba la kioo, inayoota haraka, Chaetoceros debilis, ilijaza maji.

Mwaka 2004 wakarudi majira yaleyale, eneo lilelile, safari hii wakiwa na meli mbili, Hakuho Maru na Kilo Moana. Chuma kikamwagwa. Klorofili ikapanda mara 3 hivi, ikasimama, ikashuka.

Bahari ileile, dawa ileile, mwezi uleule. Mkulima akipata magunia 20 msimu mmoja na magunia 3 msimu wa pili kwa mbegu na mbolea zilezile, ataenda shambani kutafuta nyayo. Wajapani walifanya hivyo. Walikuwa wamevuta nyavu za zuplanktoni katika safari zote mbili, na walipolinganisha vitabu vyao vya hesabu wakakuta kwamba mwaka 2004 uzito wa kopepodi katika maji yale ulikuwa mara kadhaa ya ule wa 2001, hasa aina iitwayo Neocalanus plumchrus. Mvua ya chuma ya mwaka 2001 ilinyesha malishoni kabla kundi halijafika. Ya mwaka 2004 ilikuta nyumbu wamekwisha kusimama, midomo wazi.

Wapo waliosema, na wana haki ya kusema, kwamba tofauti haikuwa walaji peke yao. Mwaka 2001 tabaka la juu la maji lililochanganyika lilikuwa jembamba, kama mita 10, kwa hiyo mwani ulikaa karibu na jua na chuma hakikuzimuliwa sana; mwaka 2004 tabaka hilo lilikuwa nene zaidi. Na ile diatomu yenye haraka huenda ilikuwa na mbegu nyingi zaidi majini mara ya kwanza. Mimi nayakubali hayo, lakini naegemea upande wa walaji. Kinachonivutia zaidi ni kwamba ubishi wenyewe usingewezekana kama hakuna aliyekuwa amekesha akihesabu wadudu kwenye sahani. Wangebaki na namba mbili za klorofili na maneno mengi.

Basi tuje kwenye kuhesabu kwenyewe. Hapa mtaniwia radhi, nitakaa kidogo, maana ndiko nilikoharibia kazi yangu ya kwanza.

Chombo ni wavu wenye umbo la koni, mdomo mpana juu, mkia mwembamba chini, na kichupa mwishoni. Victor Hensen wa Kiel, Ujerumani, ndiye aliyetunga neno planktoni mwaka 1887, na nyavu zake alizishona kwa hariri ileile iliyokuwa ikitumika kwenye mashine za kusaga, ya kuchekechea unga. Kwa hiyo mama anayechekecha unga wa muhogo hapa na profesa wa Kiel wana chombo kimoja. Siku hizi ni nailoni. Wavu mmoja unaotumika sana una mdomo wa sentimita 57, sawa na robo ya mita ya mraba, na matundu ya mikroni 200, ambazo ni moja ya tano ya milimita.

Hesabu yake mtoto wa darasa la saba anaiweza. Tuseme umeshusha wavu mita 40, ukauvuta wima hadi juu. Umechuja robo ya mita ya mraba mara mita 40, yaani mita za ujazo 10 za maji. Ukikuta kopepodi 15,000 ndani ya kichupa, gawanya kwa 10: ni 1,500 katika kila mita ya ujazo. Basi. Ila hakuna binadamu atakayehesabu 15,000 akabaki na macho, kwa hiyo sampuli inagawanywa. Na kugawanya sampuli ninyi mnakujua kuliko mimi. Mawe yakishasagwa, unayafanya lundo, unalikata lundo robo nne, unachukua robo mbili zinazotazamana, unachanganya, unakata tena, mpaka ubaki na kiganja kimoja kinachobeba ukweli wa mfuko mzima. Kwa kopepodi ni hivyohivyo, ila tunatumia kichupa kinachozunguka chenye ukuta katikati, kinagawa maji nusu kwa nusu, tena nusu, tena nusu. Ukikata vibaya kwenye dhahabu, umemwibia mwenzako au umejiibia. Kwenye kopepodi hakuna wa kukugombeza, na hiyo ndiyo hatari yake.

Tena kuna sheria ya bahati. Ukihesabu wadudu 100, tarajia kukosea kwa kama 10 juu au chini, asilimia 10. Ukihesabu 400, kosa ni kama 20, asilimia 5. Kupunguza kosa nusu unalipa kazi mara nne. Ndiyo maana wahesabuji wa planktoni ni watu wasiopenda kusemeshwa.

Kosa langu sasa. Nilikuwa kijana, nimetoka chuo, nikapewa kazi ya kuvuta wavu kwenye ghuba upande wa Musoma. Siku hiyo maji yalikuwa na utando wa kijani, ule mwani unaoelea kama rangi iliyomwagika. Nilivuta wavu nikapata wadudu kidogo sana. Nikavuta tena, kidogo zaidi. Nikaandika kwa kujiamini kwamba zuplanktoni wamekwisha, maji yana sumu. Mzee aliyekuwa akituendeshea boti, mvuvi wa dagaa, aliushika wavu wangu, akaupindua, akanionyesha kwa kidole. Ndani ulikuwa umepakwa ute wa kijani kama sufuria iliyoungua. "Kijana, hiki si kichujio tena," alisema, "hii ni ndoo." Matundu yalikuwa yameziba, maji hayapiti, yanapanda na kumwagika pembeni pamoja na wadudu wake. Mimi nilikuwa nimegawanya kwa mita za ujazo 10 wakati wavu ulikuwa umechuja labda mbili.

Fikirini basi jambo hili linafanya nini baharini. Ndani ya eneo lililomwagwa chuma mwani ni mwingi, wavu unaziba. Nje ya eneo maji ni safi, wavu unachuja vizuri. Mtu asiyejua ataandika kwamba chuma kimeua zuplanktoni, kumbe kimeziba nailoni. Dawa yake ni kufunga mdomoni mwa wavu kipima-mwendo chenye panga dogo linalozunguka, kinachohesabu maji yaliyopita kwa kweli, badala ya kuamini urefu wa kamba. Tangu siku ile situpi wavu bila hicho, na nikisoma ripoti ya mtu yeyote, hata awe na jina kubwa, kitu cha kwanza ninachotafuta ni kama aliujua ujazo wake au aliukisia.

Yule mzee alinifundisha la pili jioni hiyohiyo. Nilimuuliza kwa nini wanavua dagaa usiku, tena siku za giza, wakati mwezi haupo. Akasema dagaa hupanda kufuata taa ya karabai. Ni kweli, lakini mlo wa dagaa nao hupanda. Zuplanktoni wengi mchana hukaa chini kwenye giza wasionekane na samaki, na usiku hupanda juu kula. E. B. Worthington alilichunguza jambo hilo katika Ziwa Victoria na kulichapisha mwaka 1931. Kwa mpimaji hii ni balaa. Ukivuta wavu ndani ya eneo la chuma saa sita mchana, kisha meli ikasafiri, ukavuta nje ya eneo saa tatu usiku, utakuta nje kumejaa. Umepima saa, hukupima chuma.

Na eneo lenyewe halitulii. Ukitia mbolea shambani, shamba litakusubiri hapo kesho. Bahari inavuta eneo lako, inalinyoosha, inalipasua, inalizimua. Ili wasilipoteze, watafiti huchanganya na chuma gesi iitwayo salfa heksafloraidi, ambayo bahari ya kawaida karibu haina na ambayo mashine inaweza kuinusa ikiwa kidogo mno. Meli inazunguka ikinusa: hapa ndani, hapa nje. Bila kunusa huko neno "ndani" halina maana.

Limebaki la muda, ambalo ndilo linalowapotosha hata wasomi. Kopepodi mkubwa wa Pasifiki ya kaskazini anahitaji takriban mwaka kukamilisha maisha yake. Jaribio la siku 13 haliwezi kuzaa kizazi kipya cha wakubwa. Kwa hiyo ukiwakuta wameongezeka ndani ya eneo, uliza kwanza kama wamehamia au wamekawia kushuka chini kwa sababu chakula kipo. Ng'ombe wakizidi kwenye zizi lako usiku mmoja, hawakuzaliana. Ongezeko la kweli tafuta kwa watoto. Katika SEEDS ya mwaka 2001 ilikuwa hivyo: watoto wa aina moja ya kopepodi, Eucalanus bungii, ndio walioonekana wengi zaidi ndani ya eneo kuliko nje, yaani mayai na vifaranga vilikufa kidogo. Wavu wenye matundu makubwa usingewaona watoto hao kabisa. Wangepita kama unga kwenye chekecheo la pumba.

Suala hilo la matundu, Afrika Mashariki tulilishughulikia mapema, na nasikitika kwamba vijana wetu hawafundishwi. Zanzibar, enzi za shirika la utafiti wa uvuvi wa bahari la Afrika Mashariki, alikuwapo J. H. Wickstead. Mwaka 1963 alichapisha makadirio ya zuplanktoni wote katika maji ya Zanzibar, na ndani yake akalinganisha matokeo ya nyavu mbili tofauti. Maji ni yaleyale, nyavu ni mbili, na ilibidi kila wavu uulizwe unaona nini na unakosa nini. Miaka hiyohiyo mataifa mengi yalikuwa yakishirikiana kuichunguza Bahari ya Hindi, na yakakubaliana kutumia wavu mmoja wa aina moja, uvutwe kutoka mita 200, sampuli zipelekwe Cochin, India, zikachambuliwe mahali pamoja. Kabla ya makubaliano hayo kila nchi ilikuwa na wavu wake, na namba zao zilikuwa kama vibaba vya masoko tofauti.

Ziwa Tanganyika nalo limeonja chuma, ila chupani. Mwaka 2008 yalichapishwa majaribio ambamo maji ya ziwa hilo yalitiwa naitrojeni, fosforasi na chuma, na makundi tofauti ya mwani yakaitikia kwa namna tofauti. Kazi nzuri. Lakini chupa ni zizi lisilo na ng'ombe. Inakwambia majani yanataka nini. Haikwambii nani atayala.

Waliolipata jibu la swali hilo kwa gharama kubwa ni Wahindi na Wajerumani. Mwanzoni mwa mwaka 2009, kwenye meli Polarstern, walifanya jaribio waliloliita LOHAFEX. Loha kwa Kihindi ni chuma. Kabla ya kuanza, wanaharakati walipiga kelele na serikali ya Ujerumani ikasimamisha kazi kwa muda, kisha ikaruhusu. Wakamwaga takriban tani 10 za salfeti ya chuma kwenye eneo la kilomita za mraba 300 katika Bahari ya Kusini, na baadaye tani nyingine 10. Wengi walitarajia mwani ustawi, ufe, uzame, na kwenda kuzika kaboni kilindini. Maji yale hayakuwa na silika, yaani madini ya kioo, ya kutosha, kwa hiyo diatomu zenye magamba ya kioo hazikuweza kuota. Ukaota mwani laini usio na gamba, na kopepodi wakautafuna. Kisha wakaja amfipodi wa aina ya Themisto gaudichaudii, wanyama kama kamba wadogo, wakawala kopepodi. Nyuma ya amfipodi hao kwa kawaida huwapo ngisi na nyangumi. Kaboni iliyozama ilikuwa kidogo sana, maana kilichoota juu kililiwa palepale juu, hata kinyesi cha wanyama kikaliwa kabla hakijafika mbali.

Miaka mitano kabla, mwaka 2004, meli hiyohiyo katika bahari hiyohiyo, kwenye maji yenye silika, ilikuwa imeona kinyume: sehemu kubwa ya diatomu ilizama kupita mita 1,000. Kwa hiyo anayekwambia chuma kinazika kaboni anasema kweli ya safari moja, na anayekwambia hakiziki anasema kweli ya safari nyingine. Mwaka 2012 zikamwagwa takriban tani 100 za salfeti ya chuma karibu na visiwa vya Haida Gwaii, Kanada, kwa matumaini ya kulisha samaki aina ya samoni na kuuza mikopo ya kaboni. Dunia ikakasirika, na mwaka uliofuata nchi za Itifaki ya London zikapitisha marekebisho ya kudhibiti kazi kama hizo. Mimi naona kosa kubwa pale lilikuwa kuuza mavuno kabla ya kuwahesabu walaji.

Sasa nirudi kwa dereva wangu. Bahari na Nyangoto wapi na wapi? Mto Tigithe unaingia Mara. Mara unapita kwenye majani ya bwawani, unafika Kirumi, unaingia Ziwa Victoria kwa upande wa Musoma. Ziwa linatoka Jinja kama Nile, na Nile inaishia Mediterania. Wapi na wapi ni hapo.

Na mto huu nao unarutubishwa, tena bila meli. Watafiti waliokaa upande wa juu walikadiria kwamba kwa wastani nyumbu 6,250 hufa maji kila mwaka wakivuka Mara, kama tani 1,100 za nyama na mifupa zinazoachiwa mamba, tai, samaki na mwani. Viboko nao wanaongeza kinyesi chao kila siku. Chini zaidi tunaongeza za kwetu: samadi, udongo wa mashamba, sabuni, na yanayotoka kwenye miamba iliyofunuliwa. Mei 2009 maji yenye asidi yaliingia Tigithe, na wengi mliopo hapa mnakumbuka kuliko mimi. Sikuja kuhukumu jambo hilo. Nimekuja kusema kwamba mto ukipatwa na jambo, swali la kwanza litakalokuja mezani ni hili: kabla yake kulikuwa na nini? Na hesabu ya kabla haifanywi baada. Wajapani wasingeielewa 2004 kama hawakuhesabu 2001.

Katika mto unaokwenda kasi zuplanktoni ni wachache, mkondo unawabeba. Walaji wa kuhesabu ni wale walioshikilia mawe chini: watoto wa wadudu wanaokwangua mwani. Wengine hawavumilii asidi hata kidogo, wengine wanaishi popote. Tanzania inao utaratibu wake wa kuupa mto alama kwa kutazama wadudu hao, unaitwa TARISS, na hauhitaji maabara. Unahitaji wavu, sahani nyeupe, saa ya mkononi, na watu wasio na haraka.

Nimekuja na nyavu mbili, zote za nailoni moja, matundu mamoja, nimezipima mwenyewe. Kesho saa mbili asubuhi, mwalimu akiruhusu, kundi moja litasimama juu ya mkondo na lingine chini ya mkondo, saa ileile, dakika zilezile za kukoroga mawe kwa mguu. Nusu saa baadaye tutabadilishana nyavu, ili kama wavu mmoja ni mwongo tuujue. Wanaokuja waje na kandambili zenye mkanda, maana mawe yanateleza. Kila mtu na daftari. Tarehe iandikwe kwanza, juu kabisa, kabla ya mdudu yeyote.